Kasuku wa Mtini na Kasuku wa Pichani

Husemwa mara nyingi kwamba mwenye bunduki huua, mwenye kizimba hufunga, bali mwenye kamera hamdhuru mtu wala ndege. Neno hilo lasikika kuwa la haki, na kwa sehemu kubwa ni la haki. Walakini twapenda leo kulichungua kidogo pamoja na wasomaji wetu, hasa wale wa Kigoma na Ujiji, kwa maana siku hizi nyumba nyingi zina simu yenye kamera, na wako vijana wa kando ya ziwa wapatao riziki kwa kuwaongoza wageni porini.

Katika miombo ya upande ule yupo kasuku mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye manjano begani na kijani cha kuelekea samawati tumboni. Hutaga mayai katika tundu la mti. Hutembea wawili wawili, na ukimkaribia tu amekwisha kupiga kelele na kutoweka. Ng'ambo ya ziwa, katika misitu ya Kongo, yupo ndugu yake aliye mkubwa na mashuhuri zaidi, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, apendaye tunda la mchikichi kama watu wa Kigoma wapendavyo mawese. Huyu ndiye aigaye maneno ya watu, na kipaji hicho kimemponza. Wategaji hupaka ulimbo matawini, kisha huweka karibu kasuku aliyefungwa, ili kwa sauti yake awaite wenzake. Wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, iliamuliwa kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini. Wala sisi wa Tanzania tusiwanyoshee jirani kidole: katika miaka ya 1980 wale kasuku wadogo wa kijani wa nyanda zetu za kaskazini, wenye uso wa rangi ya machungwa, walikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani.

Ukilinganisha na hayo, kamera ni baraka. Mwenye kizimba hutaka ndege awe wake. Mpiga picha huridhika kwamba ndege yupo.

Lakini je, huridhika kweli? Kasuku yu juu, majani yamemficha, mgeni amesafiri mbali, na jua linakuchwa. Ndipo hila huanza. Mmoja hukata vitawi vilivyolikinga tundu, apate mwanga. Kesho yake mwewe naye aona vizuri. Mwingine hutoa simu na kupiga sauti ya kasuku iliyonaswa zamani, na ndege, akidhani mwenzake amemwingilia katika makao yake, huacha mayai akaja kutazama. Tuseme kweli: hila hii ni ile ile ya mtega ulimbo. Tofauti ni kwamba huyu wa simu humwacha ndege aende zake. Ni tofauti kubwa, hatuidharau. Walakini aliyeitwa kwa uongo amedanganywa, hata kama hakushikwa.

Mfano tunao karibu, ijapokuwa si wa ndege. Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, na kwa miezi sokwe walimkimbia. Mwaka 1962 akaja mpiga picha Hugo van Lawick, ambaye picha zake ziliujulisha ulimwengu msitu ule mdogo. Lakini picha hizo hazikupatikana kwa subira peke yake. Sokwe walipewa ndizi kambini, nao wakazizoea. Wakaja kwa makundi, wakagombana wao kwa wao, wakagombana na nyani. Baadaye wataalamu walibishana sana: je, ugomvi ule ulikuwa tabia ya sokwe, ama ulikuwa tunda la ndizi? Mwaka 1966 polio iliwafikia sokwe hao; wengine walikufa, wengine wakapooza, na dawa ya kuwakinga ikatiwa katika ndizi zile zile. Desturi ile ikapunguzwa, na mwishowe ikaachwa kabisa.

Wako wasemao: pasipo ndizi pasingekuwa na picha, na pasipo picha huenda Gombe isingekuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, bali mashamba. Neno hilo lina uzito, wala hatuna jibu la kulifuta. Lakini watu wale walikaa msituni kwa miaka, wakaona matokeo ya kazi yao, wakageuza desturi yao. Mtu wa siku mbili, atakaye picha ya kuwaonyesha rafiki zake, hana haki ya kujificha nyuma yao.

Tena liko jambo linalotugusa kuliko ndege mwenyewe. Kijana wa kijiji ajua tundu liko mti gani. Mgeni amwambia, "Nikipata picha nzuri nitakuongezea." Maneno machache tu; lakini kijana amekwisha kufundishwa kwamba siri ya tundu ina bei, na kwamba ndege asiyeonekana hana thamani. Mwakani akija mwingine, anayetaka makinda, atamjibu nini? Njia ya kwenda kwenye mti ni moja. Hata picha yenyewe yaweza kuwa mjumbe mbaya, kwa sababu simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa.

Twadhani basi ujira wa mwongozaji ulipwe kwa siku yake na kwa maarifa yake, usilipwe kwa picha. Apewe kiasi kile kile, ndege akionekana au asipoonekana, ili aweze kumwambia mgeni, "Hapa tusisogee, bwana, wana makinda," bila kuogopa kwamba wanawe watalala na njaa. Mgeni akinung'unika, angojee jioni, aonyeshwe kasuku wakipita juu ya michikichi, nukta mbili zenye makelele angani, na apige picha hiyo.