Mwenye Haki na Mshika Hati

Mtu aliyedhulumiwa ardhi yake hudhani kwamba siku ya kutoka hukumu ndiyo siku ya kwisha taabu yake. Sisi twaona kwamba siku hiyo ndipo mtihani wa pili uanzapo. Haki imerudi, lakini ni nani atakayeishika?

Tutazame mambo ya Australia. Mwaka 1982 Eddie Mabo na wenzake, watu wa kisiwa cha Mer, walifungua kesi ya kudai ardhi ya wazee wao. Tarehe 3 Juni 1992 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki juu ya ardhi kabla ya kufika Waingereza, na kwamba haki hiyo haikufa kwa kule kufika kwao peke yake. Mabo mwenyewe hakuisikia hukumu. Alikwisha fariki mwezi wa Januari mwaka huo. Kisha mwaka 1993 Bunge likatunga sheria juu ya haki hizo, na ndani yake mna sharti: wenyeji wakisha thibitishiwa haki yao, ni lazima pawepo shirika lililoandikishwa, liishike haki hiyo kama mdhamini wao, au liisimamie kama wakala wao.

Sharti hilo halikosi sababu. Mwenye kutaka kuchimba madini hawezi kubisha mlango wa kila mtu. Lakini jamii iliyozoea kuamua mambo yake kwa wazee na kwa nasaba, sasa yatakiwa iwe na wakurugenzi, daftari la wanachama na mkutano wa kila mwaka. Watu wachache wameshikishwa ufunguo wa nyumba ya wengi.

Je, mwenye kushika ufunguo ndiye mwenye nyumba? Hasha! Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili kwa mambo ya wakfu. Mutawalli hukodisha duka, hupokea kodi, na jina lake ndilo liandikwalo. Wala hamiliki hata jiwe moja la ukuta wake. Akijisahau akajiona mwenyewe, hiyo ni khiyana, ijapokuwa kila karatasi ina saini yake. Kanuni za Australia zenyewe zimelikubali hilo, kwani zimelitaka shirika lishauriane na wenye haki na kupata ridhaa yao kabla ya kuamua jambo liigusalo haki yao. Basi ridhaa ndiyo shina, na saini ni tawi.

Wala si insafu kuwalaumu wakurugenzi peke yao. Mengi katika mashirika hayo yana kazi kubwa na fedha kidogo. Kampuni ya madini huja na mawakili wake. Na miezi sita ya mazungumzo ikipita bila mapatano, shauri laweza kupelekwa kwenye baraza la kuamua, wala wenyeji hawana uwezo wa kuzuia moja kwa moja. Anayemtwika mwenziwe mzigo bila kumpa kata hana haki ya kumcheka mzigo ukianguka. Na yule asiyehudhuria mkutano, kisha akaja kulia baada ya saini, naye ana fungu lake katika hasara.

Jambo hili haliko mbali nasi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya hapa Kenya, ya mwaka 2016, yazitaka jamii zijiandikishe na zichague kamati ya watu 7 hadi 15. Yatupasa tuwachague waaminifu, tuhudhurie, na tuulize hesabu wangali wamo kazini, si baada ya mali kupotea. Haki iliyopiganiwa miaka kumi yaweza kupotea alasiri moja, katika mkutano ambao wenyewe hawakwenda.