Mtoto, Maji na Israfu

Mtoto wa miaka mitatu huweza kumimina maji toka kopo hadi kopo mpaka beseni likauke. Angekuwa mtu mzima, fikihi ya Kiislamu ingemhesabia israfu, yaani ubadhirifu. Huko Ujiji, mji wa Kigoma ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Uislamu uliingia kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, katazo la israfu hufundishwa pamoja na udhu. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inasimulia kwamba Mtume alimkanya sahaba wake Saad kutumia maji kupita kiasi, hata awapo kwenye mto unaotiririka. Baadhi ya wanazuoni wanaiona isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, kuwa dhaifu, ila maana yake imekubalika. Kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470 hivi, maana hiyo ina uzito wa pekee: kama israfu ingekuwa suala la uhaba tu, huko isingekuwepo.

Je, mtoto huingia katika katazo hilo? Kalamu inayoandika matendo haimwandikii dhambi kabla ya kubaleghe. Lakini hasara haifutiki: maji yaliyomwagika yalitekwa na mama au dada, akayapandisha mlima kwa ndoo kichwani, na mchotaji ana haki juu ya jasho lake.

Jibu zito zaidi limo katika akili ya mtoto mwenyewe. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kuwa watoto wadogo wakiona maji ya bilauri pana yakimiminwa kwenye bilauri nyembamba, huamini yameongezeka kwa kuwa yamepanda juu. Wengi hutoka katika dhana hiyo wakikaribia miaka saba, umri uleule ambao mtoto huamrishwa kuswali. Israfu ni kuvuka kipimo, na asiyejua kipimo hawezi kukivuka kwa kusudi. Kumimina ndiko kunakomfundisha kipimo. Kumnyima beseni kwa hofu ya israfu, basi, ni kuchelewesha elimu ya kuiepuka. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba mtoto aruhusiwe mchezo mzuri baada ya masomo, kwani kumzuia daima hufisha moyo wake.

Vifaa vya mchezo huo si vya kununua. Kata, kopo lililotobolewa, chujio, kifuu cha nazi na mchanga vyatosha: mkono hupambanua mchanga mkavu na uliolowa, sikio husikia tofauti ya tone na mmimino. Maji ya ndoo moja yanatosha, na uani ni bora kuliko ufukweni, kwa sababu mwambao wa Kigoma una kichocho, na mawimbi ya ziwa hayatabiriki. Hata beseni si salama kabisa: mtoto mdogo huweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache, hivyo mtu mzima hakai mbali, na beseni humwagwa mchezo unapokwisha.

Linabaki suala la maji yaliyochezewa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mkono wa mtoto hauyanajisi maji isipokuwa najisi ijulikane, na maji yaliyobadilishwa na udongo bado hufaa kwa udhu. Yaliyobadilika sana kwa sabuni au rangi ya chakula ni safi lakini hayatoharishi. Ya rangi humwagiwa mchicha, na ya sabuni huoshea sakafu.