AKIBA YA UZEE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Wako wanaume wengi ambao wakiulizwa nani atakayewatazama watakapokuwa hawajiwezi, hujibu: "Mungu yupo." Neno hilo ni kweli, walakini si jawabu. Mtume s.a.w. alimwamuru mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Na nahodha atiaye nanga hakupungukiwa na imani.

Jambo la kwanza ni mwili, nao ni amana. Maradhi ya presha huweza kukaa mwilini miaka mingi bila ya kumwuma mtu, hata siku moja yakampooza upande. Basi aliyepita miaka 40 na apimwe presha na sukari, ijapokuwa haoni uchungu. Chumvi yake ya kutwa isizidi kijiko kidogo kimoja, pamoja na iliyomo katika mkate na samaki wa ng'onda. Aache tumbaku, na kila juma aende kwa miguu dakika 150, mwendo wa kuchangamka.

Jambo la pili ni nyumba. Qur'ani, katika Sura ya Bani Israil, imewakataza watoto kuwagunia wazazi wao waliozeeka. Amri hiyo ni juu ya watoto. Juu ya baba ni kuwarahisishia kuitii. Wasipojua madeni yake, wala hati ya shamba iliko, wala nani wa kulipia dawa, watagombana mbele ya kitanda chake. Na mzigo wote utamwangukia binti mmoja, au mke ambaye naye ni mzee.

Serikali ya Zanzibar tangu mwaka 2016 huwapa wazee waliotimia miaka 70 fedha za kila mwezi. Ni msaada mwema. Walakini fedha haimgeuzi mgonjwa ubavu, wala haimwoshi.

Basi baba na akae na wanawe angali ana akili na ulimi wake, awagawie kazi: huyu wa kulala naye, huyu wa gharama, huyu wa kumpeleka kwa tabibu. Aandike madeni na amana za watu. Wasia wake usipite thuluthi, wala usiwe kwa mrithi ila wenziwe waridhie. Wala asione haya kuyasema hayo: haya ya leo ndiyo fitina ya kesho.

Mwenyiezi Mungu awaruzuku Waislamu uzee wenye afia, na watoto wenye huruma. Amin.