Mvuke Usifungwe, Wala Usiachwe Ulipuke



Mwezi huu nawaletea kisa cha mume na mke walioniruhusu niwasimulie yaliyowapata, ila majina yao nayaweka moyoni.

Walikuwa wametimiza miaka 11 katika ndoa takatifu. Mume alikuwa ametoa akiba ya karo ya watoto akamkopesha ndugu yake, bila kumwambia mkewe. Mke aligundua siku ya kufungua shule. Hakupiga kelele. Alinyamaza. Kwa miezi 4 alipika, akafua, akaketi naye benchi moja kwenye Misa, lakini majibu yake yote yalikuwa "ndiyo" na "la". Majirani waliisifu nyumba ile kwa utulivu wake.

Siku ya kukumbuka arusi yao, mume alimwomba waende kutembea Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Asubuhi walipanda boti ziwani, wakaona viboko na furukombe. Mume akasema, "Tazama!" Mke akatazama, basi. Mchana wakakodi baiskeli, wakaingia Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, ambako mgeni anaruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli karibu na punda milia. Akitaka kumchekesha, mume akamwambia kwamba jina lile maana yake ni lango la jehanamu. Mke akajibu: "Baba Watoto, kwani ilibidi tulipe nauli ndipo tulione?"

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyokuwa amemwambia tangu shule zifunguliwe.

Mbele yao mvuke mweupe ulikuwa ukipanda kutoka Olkaria. Mwelekezi wao akawaeleza. Chini ya ardhi ile maji hukutana na miamba yenye joto kali. Visima huchimbwa, vingine kufikia kilomita 3 kwenda chini, na mvuke hutoka kwa nguvu nyingi. Hupitishwa katika mabomba hadi kwenye mitambo ya umeme. Kule mbugani mabomba mengine yameinuliwa kama lango ili twiga wapite chini yake. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, na leo joto la ardhini hutoa zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya. Maji yanayobaki hurudishwa ardhini ili kisima kisikauke.

Mke aliusikiliza ule ngurumo wa mvuke kwa muda. Kisha akasema, "Mimi ndiye kisima hicho. Ila mimi nimefunikwa."

Wakaketi juu ya jiwe. Alisema yote. Kilichomuuma zaidi hakikuwa pesa, bali kuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mume alitaka kujitetea kwamba yule ni ndugu yake wa damu, lakini akauzuia ulimi. Mke alipomaliza, akamwomba msamaha. Wakapatana kwenda pamoja kwa ndugu huyo kuzungumzia deni, na kwamba tangu siku hiyo akiba ya nyumba itajulikana na wote wawili. Walirudi usiku wakiwa bado na deni, lakini njia nzima walikuwa wakizungumza.

Ndugu zangu, joto moyoni si dhambi. Katika Waefeso 4:26 Mtume Paulo hatukatazi kuumia. Anatuonya tusilale na hasira. Naye marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisisitiza kwamba siku isiishe kabla ya kupatana nyumbani. Anayelipuka mbele ya watoto huunguza asio na kosa. Anayefunika huonekana mvumilivu, kumbe anapikika ndani. Joto lile lile, likipewa njia, huwasha taa.

Lakini njia ya mvuke huhitaji watu wawili: mmoja aseme bila kutukana, mwingine asikilize bila kujitetea. Na kama vile maji hurudishwa ardhini, anayesamehewa naye arudishe alichokiondoa: ukweli, imani ya mwenzake, na mali ikiwezekana. Kuomba msamaha bila kurekebisha ni kukausha kisima.

Pale penye kipigo, usingoje mazungumzo ya wawili. Tafuta kwanza mahali pa usalama, na watu wa kukusaidia.

Hamna nauli ya kwenda Naivasha? Hata chini ya mwembe wenu panatosha. Jioni ya leo, watoto wakiisha kulala, muulize mwenzako: "Ni neno gani umenifichia kwa sababu sikukupa nafasi?" Halafu unyamaze, umsikilize mpaka mwisho.

Mungu azibariki nyumba zenu.