Ukoma Chini ya Vazi la Jemadari



Mwezi huu nawaomba mfungue Biblia ya nyumbani kwenu, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Someni pamoja, baba na mama, watoto wakisha lala. Humo mtakutana na Naamani, jemadari wa majeshi ya Shamu. Alikuwa mtu mkubwa, mshindi wa vita, kipenzi cha mfalme wake. Lakini alikuwa na ukoma. Askari wake waliona vazi na upanga. Jioni alipovua vazi lile nyumbani, aliyeona vidonda ni mkewe.

Nawaambia kweli, katika jumuiya zetu akina Naamani ni wengi. Baba anavaa suti, analipa karo kwa wakati, anasoma somo la kwanza Jumapili. Mama anaheshimiwa kazini na chamani. Lakini usiku, mlango ukifungwa, kuna chupa ambayo haimwachii nafasi. Leo nazungumza juu ya ulevi wa namna hii, ule usioanguka mtaroni na usioimba njiani. Ulevi unaokwenda kazini saa mbili kamili asubuhi.

KOSA LANGU MWENYEWE

Miaka michache iliyopita mama mmoja alinisubiri baada ya sala ya Jumuiya Ndogo ya Kikristo. Wenyewe wameniruhusu nisimulie, na mambo machache nimeyabadilisha wasitambulike. Mumewe alikuwa meneja, na katika parokia alikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi. Hesabu zake hazikuwahi kupungua hata shilingi moja.

Mama akaniambia, “Katekista, Baba Watoto anakunywa.” Nikamjibu kwamba wanaume wengi hunywa kidogo. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba msichana wao wa kazi alikuta chupa tatu ndani ya gunia la mkaa, akamwonyesha. Naye mama, badala ya kumshukuru, akamkemea asiseme uongo juu ya baba mwenye nyumba. Baadaye alitafuta mwenyewe, akapata nyingine ndani ya buti ya gari, chini ya gurudumu la akiba. Asubuhi mikono ya mumewe ilitetemeka mpaka anywe kidogo. Kisha alipiga mswaki, akatafuna peremende, akaenda kazini. Mara mbili mama alipiga simu ofisini kusema ana malaria. Haikuwa malaria.

Na mimi nilifanya nini? Nilimwita yule baba, nikamhubiria. Nikamwambia, “Kesho ni Jumatano ya Majivu. Mtolee Mungu Kwaresima hii. Acha pombe leo hii, usionje tena, na jambo hili libaki kati yetu watatu.” Alilia, akakubali. Alikuwa mkweli kabisa. Hakunywa Jumatano. Alhamisi jioni, akiwa mezani na watoto, alianguka chini, akakakamaa na kutoka povu kama mtu wa kifafa. Watoto wakapiga kelele. Walimkimbiza hospitali, na daktari akasema ni kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ulikatiwa ghafla.

Wapendwa, sikujua. Nilitaka kumwokoa, nikakaribia kumuua. Ndiyo maana naandika.

ULEVI NI DHAMBI AU NI UGONJWA?

Swali hili huulizwa kila mahali. Kanisa linafundisha fadhila ya kiasi, na Katekisimu katika namba 2290 inatukataza kuzidisha pombe. Aliyelewa kwa kupenda ana la kuungama. Lakini unywaji ukiendelea miaka mingi, ubongo na mwili hubadilika. Mtu hanywi tena ili afurahi, anakunywa ili asitetemeke, ili alale, ili aweze kushika kalamu. Hapo pana ugonjwa, na ugonjwa unahitaji daktari.

Kwa hiyo usichague kimoja. Nenda kwenye kitubio, na nenda hospitali. Padre anakuondolea dhambi kwa uwezo wa Kristo, na siri ya kitubio haivunjwi kamwe. Daktari anatibu ini, mishipa na ubongo, naye pia anapaswa kutunza siri ya mgonjwa wake. Mungu aliyemweka mmoja ndiye aliyemweka mwingine.

Jambo moja lishikeni sana. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani. Kifafa cha namna ile huja mara nyingi ndani ya siku 2 za kwanza. Baadaye kidogo, siku ya 2 hadi ya 4, wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo, na mtu aweza kufa. Daktari anazo dawa za kumvusha siku hizo salama.

MTO YORDANI ULIO KARIBU

Yule baba alipoambiwa atafute tiba, alisema, “Nikienda kufungiwa miezi mitatu, ofisini watajua na kanisani watajua. Basi nipelekwe mbali, hata ng’ambo, nitalipa.” Nikamkumbuka Naamani. Alikuja na fedha, dhahabu na mavazi ya kubadilisha, akitazamia nabii atoke amfanyie jambo kubwa. Elisha hakutoka hata nje. Alituma tu mjumbe amwambie akaoge mara saba katika Yordani. Naamani akakasirika. Kwao Dameski kuna mito mizuri zaidi! Watumishi wake ndio waliomtuliza: kama angeambiwa jambo gumu angelifanya, basi mbona akatae jambo jepesi?

Baba yetu alilazwa siku chache tu, kwa sababu alikuwa amekwisha kuanguka. Baada ya hapo alitibiwa bila kulazwa. Jumanne na Alhamisi, baada ya kazi, alikwenda kliniki, akarudi kulala kwake. Wengi hawajui kwamba tiba ya namna hii ipo. Mgonjwa hupimwa, damu huchunguzwa, ini huangaliwa. Hukaa na mshauri wakichambua ni saa gani kiu huja, ni huzuni gani au hofu gani huileta. Huketi na wagonjwa wenzake. Mke huitwa siku yake, naye azungumze. Ziko dawa, kama naltrexone, ambazo daktari aweza kumpa ili kupunguza ile hamu. Mambo haya huchukua miezi, lakini mshahara unaendelea na watoto wanamwona baba yao kila jioni.

Tiba hii haimfai kila mtu. Aliyewahi kuanguka kifafa, mwenye ugonjwa mwingine mkubwa, mwenye mawazo ya kujiua, au asiye na mtu mzima wa kumwangalia nyumbani, mara nyingi hulazwa kwanza. Daktari ndiye aamue, si mimi wala jirani. Usipojua pa kuanzia, piga simu 1192 ya NACADA, hupigwa bila malipo. Ipo pia mikutano ya Alcoholics Anonymous, ambapo watu hutaja jina la kwanza tu. Chama hicho kilianzishwa Marekani mwaka 1935 na watu wawili waliokuwa walevi. Mmoja alifanya biashara ya hisa, na wa pili alikuwa daktari mpasuaji. Mnaona? Cheo hakimkingi mtu.

KWAKO MAMA, NAWE BABA

Mke, au wewe mume ambaye mkeo ndiye anayekunywa, nisikilize bila kukasirika. Kumpigia simu mwajiri kwamba ana malaria si upendo, ingawa unafanywa kwa upendo. Kila unapofunika, unaongeza kitambaa juu ya kidonda. Mkemee akiwa mzima, si akiwa amelewa. Chagua asubuhi tulivu, taja ulichoona kwa macho yako, mwambie umeogopa, na mwambie utafuatana naye kliniki. Usimtangaze sokoni, lakini usiubebe mzigo huu peke yako. Na akikupiga wewe au watoto, toka uende mahali pa usalama kwanza. Uvumilivu wa Kikristo haukuamuru kukaa chini ya ngumi.

Wewe unayekunywa kwa siri, najua unavyojitetea. Sijakosa kazi. Sijakopa mtu. Walevi ni wale wa kilabuni. Ndugu yangu, hata Naamani hakukosa vita. Jiulize maswali machache tu. Je, naficha? Je, nahitaji kunywa ili mikono itulie? Nilijaribu kuacha mara ngapi? Ukijibu ukweli, umekwisha kushuka garini pale ukingoni mwa mto.

Tena usikate tamaa ukiteleza. Yule baba alirudia mara moja, mwezi wa nne, baada ya mazishi ya mdogo wake. Zamani angeficha chupa. Safari hii alimwamsha mkewe saa saba usiku akamwambia, na asubuhi wakaenda pamoja kwa mshauri. Naamani alizama mara saba. Biblia haisemi kwamba ngozi ilianza kutakata mara ya tatu. Huenda alitoka mara sita akiwa vile vile.

Mkumbukeni pia Matt Talbot, kibarua wa Dublin nchini Ireland. Alianza kunywa akiwa kijana mdogo. Mwaka 1884 aliweka ahadi ya kuacha kwa miezi mitatu tu. Hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Nilisahau mtu mmoja. Ukoma wa Naamani usingepona kama msichana mtumwa asingefungua kinywa mbele ya bibi yake. Yule mama wa jumuiya yetu alimwita msichana wake wa kazi, akamwomba msamaha kwa kumkemea. Na mumewe, jioni moja, akamshukuru mbele ya watoto. Siku hiyo nilijua nyumba ile imeanza kupona.

YA KUZUNGUMZA NINYI WAWILI

1. Kuna jambo gani katika nyumba yetu ambalo sote tunalijua na hakuna anayelitaja?

2. Ni mara ngapi nimesema uongo ili jina letu lisiharibike?

3. Kama mmoja wetu angehitaji tiba kesho, nani angefuatana naye?

Mungu, aliyewaunganisha siku ya arusi katika raha na taabu, awape ulimi wa kusema na miguu ya kwenda. Amina.