Tezi Zikivimba, Msitupe Dawa

Wajukuu zangu wa Tunduma, nyinyi mnaobadilisha fedha mpakani, nanyi matingo mnaolala kwenye foleni ya malori mkisubiri kuvuka Nakonde, nisikilizeni. Tulimzika kijana wa mtaani kwetu, na moyo wangu haujapoa.

Alikuwa na TB ya tezi za shingo, na maji yamejaa kifuani. Alianza dawa, homa ikashuka, akaanza kula vizuri. Wiki ya sita tezi zikafura kuliko mwanzo na homa ikarudi. Jirani mmoja akasema dawa zimemkataa, mwingine akasema katupiwa kitu. Akaacha vidonge, akavuka mpaka kumfuata mganga. Aliporudi alikuwa wa kubebwa.

Hali hiyo madaktari wanaijua. Dawa zikiua vijidudu, mabaki yao huchokoza kinga ya mwili, na pale walipojificha panavimba. Ukiweka sumu ya panya ghalani, wakafia ukutani, nyumba hunuka kuliko walipokuwa hai. Utasema sumu ni mbovu? TB iliyoenea viungo vingi huweza kufura hivyo kwenye tezi, kifuani, tumboni, hata ubongoni. Anayeishi na VVU huipata zaidi akianza ARV, kwa kuwa kinga iliyolala inaamka na kumkuta adui ndani. Ndiyo maana TB ikigusa ubongo, daktari husubiri wiki kadhaa kabla ya kumwanzishia ARV.

Lakini si kila uvimbe ni huo, wanangu. Huenda vidonge vilirukwa, huenda vijidudu ni sugu, na macho ya jirani hayawezi kutofautisha. Rudini kliniki, wapime makohozi au usaha wa tezi. Mara nyingi utaambiwa uendelee na dawa zilezile. Pengine maji yatatolewa, pengine utaongezewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Hiyo usijinunulie dukani, maana inapunguza nguvu ya kinga. Na mgonjwa akiumwa kichwa sana, akitapika, akipata degedege au pumzi ikimbana, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Nchi hii ilianzisha mpango wake wa TB na ukoma mwaka 1977. Utaratibu wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa, alioujenga hapa Dakta Karel Styblo, ndio Shirika la Afya Duniani liliueneza kwingine miaka ya 1990. Inaniuma mtoto wa Songwe akifa kwa kutupa vidonge ambavyo ulimwengu ulijifunza kwetu namna ya kuvitoa.

Dawa ni miezi 6, na TB ya ubongo au mifupa ni 12. Kama una safari ya Lusaka au Dar es Salaam, pitia kliniki kabla gari halijawashwa, uchukue vidonge vya njiani na kadi yako. Dawa za TB hazilipiwi.