Hadi Lini Utabonyeza Tu?

Umeagiza viatu mtandaoni. Umelipa kwa simu. Meseji imeingia. Bodaboda amefika mlangoni na mzigo wako.

Haya niambie: hapo katikati kimetokea nini?

Usinijibu "ni mambo ya teknolojia." Hilo si jibu. Huo ni uvivu uliovaa suti.

Nakuuliza wewe unayejiita mjasiriamali wa mtandaoni. Wewe uliyehitimu kompyuta, cheti kimetiwa fremu na kinapigwa na vumbi ukutani. Wewe unayeuza vitenge Instagram na kujibu "bei gani?" kutwa nzima mpaka vidole vinauma. Unapobonyeza "Lipa", ni nini hutokea kabla simu haijakuomba namba ya siri?

Ni sekunde chache tu. Ndani yake kuna watu wanaokula, wanaosomesha watoto, wanaojenga, kwa sababu walikaa chini wakazielewa sekunde hizo. Wewe uko nje, unabonyeza.

Hadi lini?

Njoo tuzipekue sasa hivi, tuone kama kuna uchawi.

Umeandika jina la duka kwenye kivinjari. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Kwa hiyo kivinjari kinauliza DNS, mfumo aliouasisi Paul Mockapetris mwaka 1983: jina hili namba yake ni ipi? Kikishajibiwa kinaifuata seva ya duka, mlango namba 443, mlango wa HTTPS. Hapo kivinjari na seva vinapatana kwanza namna ya kuyaficha mazungumzo ili anayesikiliza njiani asiambulie kitu. Kisha kivinjari kinatuma ombi, na seva inarudisha jibu lenye namba yake. 200, mambo yako sawa. 404, unachotafuta hakipo. 500, seva yenyewe imekwama.

Uchawi uko wapi?

Haupo.

Ingia ndani zaidi. Mfumo wa biashara mtandaoni kwa kawaida una tabaka tatu, na kama umewahi kununua kitu Kariakoo au Gikomba, unazijua tayari: kuna kaunta, kuna muuzaji, kuna daftari. Kaunta ni kile anachokiona mteja, yaani kurasa za HTML, mapambo ya CSS na JavaScript inayozipa uhai. Muuzaji ni programu iliyo kwenye seva, inayopiga hesabu, inayokubali na kukataa. Daftari ni kanzidata: bidhaa, bei, oda, malipo. Mteja hashiki daftari. Anaongea na muuzaji, na muuzaji ndiye anayeandika.

Usilipite hilo haraka. Kuna watu wanajenga duka ambalo bei inatoka kwenye kivinjari cha mteja, na seva inaipokea bila kuhoji. Mteja mjanja anaufungua ukurasa kwa ndani, anaigeuza 4,500 kuwa 45, anabonyeza "Lipa". Mwenye duka ameliwa mchana kweupe! Na dawa yake ni ndogo: kivinjari kitaje bidhaa, bei isomwe kwenye kanzidata. Basi. Aliyezielewa tabaka tatu hahitaji kukumbushwa. Asiyezielewa atafundishwa na hasara.

Wewe unataka kufundishwa na hasara?

Sasa twende kwenye pesa. Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007. Mwaka 2017 ikafungua Daraja, mfumo unaoiwezesha programu yako kuomba malipo yenyewe. Seva yako inapeleka namba ya simu ya mteja, kiasi anachodaiwa na anwani ya kurudishia majibu. Daraja linajibu: ombi limepokelewa. Limepokelewa tu! Pesa bado haijaingia, na anayekimbilia kufunga mzigo hapo ataumia. Simu ya mteja inawaka, anaweka namba ya siri, ndipo jibu lenyewe linapokuja kwenye ile anwani. Likija na 0, amelipa. Likija na 1032, ameghairi.

Na jibu likipotelea njiani? Na mteja akiingiwa na wasiwasi akabonyeza "Lipa" mara mbili?

Hapo ndipo fundi anapojulikana. Kila oda inapewa namba yake, haifanani na nyingine. Ombi la pili la oda ileile seva inalizuia mpaka la kwanza lijibiwe. Jibu likirudi mara mbili, seva inaitazama namba na kusema: hii imeshalipwa. Jibu lisipokuja, seva haikai kusubiri, inakwenda kuuliza yenyewe. Mteja hakatwi mara mbili, na mwenye duka hatoi mzigo bure.

Umesoma aya chache tu, na tayari unaelewa jambo ambalo asubuhi ya leo ungesema ni la wataalamu.

Kumbe kichwa kipo! Kilikuwa kimelala.

Najua visingizio vinakuja. Vilete.

"Mimi nani, bwana? Haya mambo ni ya Wazungu." Tim Berners-Lee alipeleka pendekezo lake la wavuti CERN, kituo cha utafiti kilichoko Uswisi, mwezi Machi 1989. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikauachia ulimwengu mzima teknolojia ya wavuti, bila malipo. Ulimwengu mzima! Wewe unaishi wapi? Zaidi ya miaka 30 mali yako iko mlangoni na hujatoka kuipokea.

"Sina muda." Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10, Mei 1995. Mimi sikuombi utunge lugha, nakuomba ujifunze iliyokwisha kutungwa. Jana usiku ulitazama video za watu wanaogombana mpaka ukasinzia na simu mkononi. Muda huo ulikuwa wa nani?

"Sina pesa." Linux ya kuendeshea seva ni bure. PostgreSQL ya kutunzia kanzidata ni bure. PHP ya kuandikia programu ni bure. Daraja lina sehemu ya majaribio, nayo ni bure. Unachohitaji ni bando, na bando hulikosi.

"Hesabu hazipandi kichwani mwangu." Nani kakuambia ni hesabu? Tazama: HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huongea, haina kumbukumbu. Ombi likijibiwa, limekwisha, na anayerudi anaonekana mgeni. Utauzaje, kama mteja akigeuka kidogo unamsahau yeye na kapu lake? Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape akabuni kuki: seva inakipa kivinjari alama ndogo, na kivinjari kinairudisha kila kinapoleta ombi. Hakuna hesabu za kutisha hapo. Kuna mtu aliyeliona tatizo na akakataa kulizoea.

Wewe umezoea mangapi?

Acha kuzoea. Amka.

Kazi ya leo ni hii. Kaa kwenye kompyuta, hata ya kuazima. Fungua duka lolote la mtandaoni, bonyeza F12, nenda sehemu inayoonyesha mtandao, upakie ukurasa upya. Maombi yote yatajipanga mbele yako. Yasome moja baada ya jingine. Hili limeleta picha. Hili limeleta CSS. Hili limekwenda kuuliza bei, likarudi na 200. Usilolielewa liandike, ulitafute, uliulize. Mficha uchi hazai.

Kesho andika ukurasa wako wa HTML wenye bidhaa tatu. Wiki ijayo uwekee programu nyuma yake. Mwezi ujao uunganishe na kanzidata. Kisha omba malipo ya majaribio ya shilingi moja, uione 0 ikirudi kwenye seva uliyoijenga kwa mikono yako. Siku hiyo hutakaa kwenye kiti!

Itagoma, nakuambia mapema. Utasahau mabano mamoja ukeshe nayo. Usifunge kompyuta kwa hasira. Soma ujumbe wa kosa, mara nyingi unakutajia mpaka namba ya mstari. Rudi. Rekebisha. Jaribu tena. Ikigoma, jaribu tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe bado hujainama hata kidogo.

Mwaka huu utakwisha, ujifunze usijifunze.

Duka la mtaani kwenu litaingia mtandaoni, utake usitake.

Mwenye duka atatafuta mtu wa kumjengea, na atamlipa. Atauliza kinyozi, atauliza wakala wa M-Pesa: "Hapa mtaani nani anayajua mambo haya?"

Fanya kazi mpaka jibu liwe jina lako.